Jinsi ya Kukabiliana na Uchu wa Kula Usiku Unapopunguza Uzito

Watu wengi wanaopunguza uzito hawashindwi asubuhi wala mchana. Staftahi yao huwa ya kiasi, chakula cha mchana hukipima, na vishawishi vya kazini huvipita bila taabu. Kisha inapofika saa 4 usiku, vyombo vimekwisha kuoshwa na nyumba imetulia, mguu wenyewe unaelekea jikoni. Jokofu hufunguliwa, hutazamwa, hufungwa, na baada ya dakika chache hufunguliwa tena, kana kwamba kuna kitu kipya kilichoingia humo kwa muda huo mfupi. Mwongozo huu unahusu saa hizo tatu au nne zilizopo kati ya chakula cha jioni na usingizi, na hoja yangu ni moja: uchu wa usiku kwa sehemu kubwa hupikwa mchana, kwa hiyo anayesubiri ufike mlangoni ndipo apambane nao amekwisha kuchelewa.

Kwa nini usiku

Yafaa kwanza kuwaondolea watu lawama wasiyostahili. Mwili una saa yake ya ndani, na saa hiyo haipangi usingizi peke yake bali hupanga njaa pia. Mwaka 2013, Frank Scheer na wenzake nchini Marekani walichapisha matokeo ya jaribio ambamo watu 12 wenye afya waliishi maabara kwa siku 13 katika mwanga hafifu, ratiba zao za kula na kulala zikizungushwa makusudi ili zisifuatane na mchana na usiku wa nje. Ilionekana kwamba saa ya mwili, bila kujali mtu amekula lini, huishusha njaa hadi chini kabisa karibu na saa 2 asubuhi na kuipandisha hadi kilele chake karibu na saa 2 usiku, na kwamba hamu ya vitu vitamu, vya chumvi na vya wanga hufuata mkondo huohuo. Ndiyo sababu mtu anaweza kuamka bila njaa yoyote ilhali amekaa usiku kucha bila kutia kitu kinywani, lakini akatamani biskuti muda mfupi tu baada ya chakula cha jioni kilichomshibisha vizuri.

Kupungua uzito nako huongeza mzigo. Katika utafiti uliofanywa Australia na kuchapishwa mwaka 2011, watu 50 wenye uzito uliozidi waliwekwa kwenye mlo wa kalori chache sana kwa wiki 10, wakapungua. Watafiti walipowapima tena mwaka mmoja baadaye, ghrelini, ambayo ni homoni inayochochea njaa, ilikuwa bado juu kuliko siku ya kwanza, na leptini, inayoutaarifu ubongo juu ya akiba ya mafuta mwilini, ilikuwa bado chini. Mwili haujui kwamba umeamua kupungua kwa ajili ya afya yako; unachojua ni kwamba ghala linapungua, nao hutuma ujumbe wa kulijaza. Anayeyafahamu haya huacha kuuita uchu wake uroho, na hatua hiyo si ndogo, kwa maana aibu ni miongoni mwa vitu vinavyowafanya watu wale gizani, wamesimama, haraka haraka, hata wasijue wamekula kiasi gani.

Njaa au uchu

Kabla ya kutafuta dawa, mtu ajue anaumwa nini. Njaa huja polepole, huanzia tumboni, na hukubali chakula chochote kinacholika. Uchu huja ghafla, huanzia kichwani au mdomoni, na huwa na jina: hautaki chakula, unataka chokoleti, au vibanzi vya viazi, au kile kipande cha keki kilichobaki juzi. Njia rahisi ya kuvitenganisha ni kujiuliza kama wakati huo ungekubali kula mayai mawili ya kuchemsha au bakuli la maharage yasiyo na nakshi yoyote. Ukijibu ndiyo bila kusita, una njaa, nayo njaa dawa yake ni chakula. Ukijibu hapana, lakini bado mkono unalielekea kabati la vitafunio, huo ni uchu.

Kuna hali ya tatu ambayo si njaa wala si uchu, nayo ni mazoea. Mtu amekaa mbele ya televisheni kila usiku kwa miaka kadhaa akiwa na bakuli mapajani, basi televisheni ikiwashwa tu mkono hulitafuta bakuli, hata kama tumbo halina habari. Uchovu, upweke, hasira za kutwa na kiu ya maji navyo hupenda kuvaa nguo za njaa saa hizo.

Kwa hiyo kazi ya kwanza haihitaji kujinyima kitu. Kwa siku 7, andika kwenye daftari au simu kila unapokula baada ya chakula cha jioni: ilikuwa saa ngapi, ulikuwa wapi, ulikuwa unafanya nini, ulikula nini, na njaa yako ilikuwa na kiwango gani kati ya 0 na 10. Andika pia ulichokula mchana wa siku hiyo na saa ulizolala usiku uliotangulia. Usijirekebishe bado, andika tu. Watu wengi hugundua jambo walilokuwa hawalijui: kwamba usiku mbaya hufuata mchana waliokula kidogo, au kwamba huja siku za kazi pekee, au kwamba wanawake huwapata zaidi katika siku zinazotangulia hedhi. Ukishauona mwenendo wako, sehemu zilizobaki za mwongozo huu utazisoma ukijua ipi inakuhusu.

Unachokula mchana kutwa ndicho kinga ya usiku

Hapa ndipo nitakapokaa kwa muda, kwa sababu ndipo wengi wanapokosea, tena wakidhani wanafanya vyema.

Mchukulie mtu ambaye mwili wake hutumia kalori 2,200 kwa siku, naye amepanga kula 1,700 ili apungue. Kwa ari ya mwanzo anaruka staftahi, mchana anakula saladi tupu, na kufikia machweo amekula kalori 500 tu, jambo linalomfurahisha sana. Chakula cha jioni kinamwongezea 700. Hadi hapo ana 1,200, na laiti usiku ungeishia hapo angekuwa amepita hata lengo lake. Lakini usiku hauishii hapo: kipande cha mkate chenye siagi, konzi mbili za karanga, biskuti kadhaa na glasi ya juisi vinaweza kufika kalori 1,000 bila mtu kukaa mezani hata mara moja. Jumla inakuwa 2,200 kamili. Amefunga mchana kutwa, amelala na majuto, na hajapungua hata gramu.

Kinachotokea kwa mtu aliyenyimwa chakula kilionekana wazi katika jaribio lililoongozwa na Ancel Keys katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, mwaka 1944 na 1945. Vijana 36 wa kiume, wenye afya ya mwili na akili, walijitolea kupunguziwa chakula hadi karibu nusu ya walichokuwa wakila, kwa muda wa miezi sita. Wakawa watu wa kuwaza chakula tangu asubuhi hadi usiku. Walikiota, walikizungumza, na baadhi yao walianza kukusanya vitabu vya mapishi, ingawa kabla ya hapo hawakuwa na habari navyo. Hakuna aliyewafundisha uroho. Mwili ukibanwa kupita kiasi huugeuza ubongo kuwa mtumishi wa tumbo, na wewe unayekula kalori 900 kwa siku kisha unashangaa kwa nini usiku huwezi kufikiria kitu kingine, unarudia jaribio lile nyumbani mwako.

Basi punguza kwa kiasi. Upungufu wa kalori 500 hivi kwa siku humwezesha mtu mzima wa kawaida kupungua karibu nusu kilo kwa wiki katika kipindi cha mwanzo, ingawa kasi hiyo hushuka kadiri mwili unavyokuwa mdogo. Ni mwendo wa kinyonga, nami nakiri hauna mvuto kama ahadi za kilo 10 kwa mwezi, lakini ndio mwendo unaokuacha ukilala bila kusumbuliwa na jokofu.

Jambo la pili ni protini, kwa kuwa ndiyo inayoshibisha zaidi ikilinganishwa na wanga na mafuta kwa kalori zilezile. Lenga gramu 25 hadi 30 katika kila mlo mkuu, na usiihifadhi yote kwa ajili ya jioni kama wengi tufanyavyo. Mayai mawili yana takriban gramu 12 au 13, glasi ya maziwa ya mililita 250 ina gramu 8, kikombe cha maharage yaliyopikwa kina kama gramu 15, na gramu 100 za kuku au samaki aliyepikwa zina gramu 22 hadi 30. Ukiviona viwango hivyo utatambua kwamba chai na vipande viwili vya mkate, hata kama vimeujaza mkono, havijafika hata nusu ya lengo.

Jambo la tatu ni nyuzinyuzi, zile zinazopatikana katika mboga, matunda, kunde na nafaka zisizokobolewa. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku na gramu 400 za mboga na matunda. Nyuzinyuzi hukipa chakula ujazo na kukichelewesha tumboni, kwa hiyo shibe ya jioni hudumu. Kinyume chake, vyakula vilivyosindikwa mno viwandani hupita mdomoni kwa kasi kabla tumbo halijapata nafasi ya kusema limetosheka. Kevin Hall na wenzake nchini Marekani waliwaweka watu 20 katika kituo cha utafiti, kwenye jaribio lililochapishwa mwaka 2019, wakawaacha wale kadiri wapendavyo, wiki mbili vyakula vilivyosindikwa sana na wiki mbili vyakula vya kawaida. Katika wiki za vyakula vilivyosindikwa walikula takriban kalori 500 zaidi kwa siku.

Sisemi kwamba kila mtu lazima ale alfajiri. Wapo wasioweza kutia kitu kinywani kabla ya saa 4 asubuhi na hawapati tabu yoyote usiku. Kipimo ni daftari lako: kama siku ulizoruka mlo wa asubuhi ndizo siku ulizoharibikiwa usiku, jibu umeshalipata. Wala usiiruke saa 10 jioni. Mlo mdogo wa wakati huo, kama tunda pamoja na mtindi au konzi moja ya karanga, humwokoa mtu asiingie jikoni akiwa hoi na kuanza kudokoa sufuria kabla chakula hakijaiva. Mwenye njaa hana miiko, na mpishi mwenye njaa hana kabisa.

Kuhusu chakula cha jioni, watu hupenda kanuni ngumu: usile kabisa baada ya saa 12. Ni kweli kwamba kula mapema kuna faida yake. Jaribio lililochapishwa mwaka 2022 na kundi la Scheer lilionyesha kwamba watu 16 wenye uzito uliozidi, walipocheleweshewa milo kwa takriban saa 4, walihisi njaa zaidi na miili yao ikatumia nishati pungufu. Hata hivyo anayekula saa 12 jioni na kulala saa 6 usiku amejiwekea pengo la saa 6, na pengo hilo lazima lijazwe na kitu. Ushauri wangu ni kuhesabu kuanzia kitandani kurudi nyuma: chakula cha jioni kiwe kati ya saa 3 na 4 kabla ya kulala, kiwe mlo kamili wenye protini na mboga za kutosha, na kiliwe mezani. Anayeteseka kwa kiungulia asipunguze muda huo chini ya saa 2 au 3, kwa sababu kulala na tumbo lililojaa hurudisha asidi kooni.

Neno la mwisho juu ya mchana linahusu vile vitu unavyovipenda. Kuvipiga marufuku moja kwa moja huvifanya ving'ae usiku. Ikiwa chokoleti ndiyo inayokuita kila saa 4 usiku, jaribu kula vipande viwili baada ya chakula cha mchana, umekaa, umeshiba, huku ukivihesabu ndani ya kalori zako. Kitu kilicholiwa kwa ruhusa mchana hupungukiwa na uchawi wake usiku. Wapo ambao njia hii haiwafai, hasa wale ambao kipande kimoja huwavuta hadi mwisho wa pakiti. Hao wakiache kitu hicho nje ya nyumba kwa miezi michache ya mwanzo.

Usingizi

Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago waliwapima vijana 12 wa kiume baada ya siku 2 za kupewa nafasi ya kulala saa 4 tu kwa usiku, na baada ya siku 2 za saa 10. Walipolala kidogo, leptini ilishuka kwa asilimia 18, ghrelini ikapanda kwa asilimia 28, na njaa waliyoripoti ikaongezeka kwa asilimia 24. Habari njema ni kwamba gurudumu hilo huzunguka upande wa pili pia. Katika jaribio lingine la mwaka 2022, watu wazima 80 wenye uzito uliozidi, waliozoea kulala chini ya saa 6 na nusu, walishauriwa namna ya kurefusha usingizi wao. Walioongeza kama saa 1 na dakika 10 za usingizi walikula takriban kalori 270 pungufu kwa siku, bila kuambiwa neno lolote kuhusu chakula.

Tafsiri yake kwa anayepunguza uzito ni nyepesi mno: aliyelala saa 4 usiku hana nafasi ya kula saa 5. Wengi wetu hatukai macho kwa sababu ya kazi, tunakaa kwa sababu simu haijatuachia. Panga saa ya kuzima skrini kama unavyopanga saa ya kuamka. Kahawa na vinywaji vingine vyenye kafeini viishie mchana, kwa maana miligramu 400 za kafeini zikinywewa hata saa 6 kabla ya kulala zimeonekana kupunguza usingizi kwa zaidi ya saa nzima. Pombe nayo ina kasoro tatu kwa mpigo: kila gramu yake ina kalori 7, hulegeza msimamo wa mtu mbele ya chakula, na humkatizakatiza usingizi usiku wa manane.

Anayefanya kazi zamu za usiku, hesabu yake ni tofauti kidogo. Ale mlo wake mkuu kabla ya zamu, abebe chakula kidogo alichokipanga mwenyewe badala ya kutegemea mashine za vitafunio, na alale mchana katika chumba chenye giza la kutosha.

Nyumba yenyewe

Uchu wa saa 4 usiku ni mvivu. Ukiambiwa uvae viatu utoke nje kukitafuta kile kitu, mara nyingi hughairi. Lakini kikiwa mezani kimefunuliwa, uchu unashinda. Kwa hiyo weka umbali. Vitafunio visivyoweza kuondolewa nyumbani, pengine kwa sababu kuna watoto au watu wengine wasiopunguza uzito, viwekwe kwenye chombo kisichoonyesha ndani, juu ya kabati ambalo lazima usimamie kiti kulifikia. Matunda yaliyokwisha kuoshwa na kukatwa ndiyo yakae mbele ya macho. Kiporo kipakuliwe kwenye vyombo vya mlo mmoja mmoja na kufunikwa mara tu baada ya kula, kwa sababu sufuria iliyoachwa jikoni na kijiko ndani yake ni mwaliko wa wazi.

Baada ya hapo, funga jiko. Futa meza, zima taa, kisha piga mswaki. Mswaki una faida ya ladha, kwani vitu vingi vitamu huwa havipendezi mdomoni baada ya dawa ya meno, lakini faida yake kubwa zaidi ni kwamba unaupa usiku mpaka unaoonekana. Waambie unaoishi nao kwamba jiko lako limefungwa, tena waambie kwa upole, maana haifai kuwageuza askari wanaokulinda. Mtu anayechungwa hujifunza kujificha, na kujificha ndiko tunakokukimbia.

Jiwekee sharti moja tu kuhusu mahali: chochote kitakacholiwa usiku kiliwe mezani, kwenye sahani, skrini ikiwa imezimwa. Sharti hili halikukatazi kula. Linakukatazia tu kula bila kujiona.

Uchu ukishapanda

Sasa tuseme mchana ulikwenda vizuri, umelala vyema jana, na bado uchu umekuja. Kwanza usiukatae kwa nguvu. Daniel Wegner, mwanasaikolojia wa Marekani, alionyesha mwaka 1987 kwamba watu waliopewa amri ya kutomfikiria dubu mweupe waliendelea kumfikiria, na baadaye waliporuhusiwa wakamfikiria hata zaidi. Kujiambia "nisiwaze keki" ni kuikata keki vipande na kuipanga mezani. Sema badala yake: "Naona nina uchu, umepanda hadi 7 kati ya 10." Alan Marlatt, aliyewahudumia watu wenye uraibu, aliwafundisha kulitazama wimbi la hamu jinsi linavyopanda, linavyofika kileleni na kushuka, badala ya kujaribu kuliziba. Mawimbi ya namna hii kwa kawaida hupita yenyewe yasipolishwa. Weka kengele ya dakika 15 na uahidi kwamba ikilia utaamua upya. Ahadi hiyo iwe ya kweli, kwa maana ukijidanganya mara mbili hutajiamini mara ya tatu.

Katika dakika hizo usikae ukiitazama kengele. Uchu kwa sehemu kubwa ni picha: unakiona chakula, unasikia harufu yake, unakihisi ulimini. Watafiti wa Plymouth, Uingereza, walionyesha mwaka 2014 kwamba watu waliocheza Tetris, mchezo wa kompyuta wa kupanga maumbo yanayoanguka, kwa dakika 3 tu walipungukiwa na hamu waliyokuwa nayo, na maelezo yao ni kwamba mchezo huo huishughulisha sehemu ileile ya akili inayochora picha ya chakula. Kwa hiyo chagua kazi inayotumia macho na mikono: kuchora, kufuma, kukunja nguo zilizorundikana, kupanga picha za simu, hata mchezo wa mafumbo ya maumbo. Kusikiliza habari pekee hakutoshi, kwani macho na mikono hubaki bila kazi. Glasi ya maji au kikombe cha kinywaji cha moto kisicho na kafeini wala sukari kitasaidia ikiwa kilichojificha nyuma ya uchu ni kiu au baridi.

Uamuzi mzuri ni ule uliofanywa mapema. Andika sentensi moja yenye "ikiwa" na "basi", ukitaja jambo mahususi, kwa mfano: "Ikiwa nitalifungua jokofu baada ya kupiga mswaki, basi nitalifunga, nitajaza glasi ya maji na kwenda nayo chumbani." Mtu anayesema tu "usiku nitajitahidi" hajajiambia afanye nini mkono ukiwa tayari mlangoni.

Kengele ikilia na jibu la mayai mawili bado ni ndiyo, kula. Sioni fahari yoyote ya kulala na njaa inayokuamsha saa 9 za usiku. Kalori 150 hadi 200 zinatosha: kikombe cha mtindi usio na sukari pamoja na tunda, yai moja na kipande kimoja cha mkate wa ngano isiyokobolewa, au glasi ya maziwa na karanga chache. Na ikiwa njaa hiyo inarudi kwa usiku tatu mfululizo, usiongeze ukali, ongeza unachokula mchana kutwa.

Asubuhi baada ya kuharibikiwa

Kuna usiku pakiti itaisha. Kalori 800 za ziada, hata zikihesabiwa zote, haziwezi kutengeneza zaidi ya gramu 100 hivi za mafuta, kwa kuwa kilo moja ya mafuta ya mwilini hubeba takriban kalori 7,700. Mzani ukionyesha umepanda kilo nzima asubuhi yake, sehemu kubwa ya hiyo ni maji yaliyofuata chumvi na wanga, pamoja na chakula ambacho bado kiko safarini, navyo vitaondoka ndani ya siku mbili au tatu. Madhara makubwa hutoka kwenye adhabu. Anayefunga siku nzima ili kulipa deni la jana anafika saa 2 usiku akiwa na njaa ya siku nzima juu ya njaa ya saa ya mwili, na mzunguko unaanza upya. Kula staftahi yenye protini kana kwamba jana ilikuwa ya kawaida, kisha ufungue daftari uandike kilichotangulia ule usiku, kwa mistari miwili tu.

Pale ambapo mbinu za nyumbani hazitoshi

Zipo hali ambazo mswaki na Tetris haviwezi kuzigusa. Mwaka 1955 daktari Albert Stunkard wa Marekani alieleza ugonjwa wa kula usiku, na leo hii unatambuliwa kwa mtu anayekula angalau robo ya chakula chake chote cha siku baada ya mlo wa jioni, au anayeamka na kula mara mbili au zaidi kwa wiki akiwa na fahamu kamili, huku mara nyingi asubuhi akiwa hana hamu ya kula. Wapo wengine wanaokula wakiwa usingizini na kukuta mabaki asubuhi bila kumbukumbu yoyote. Baadhi ya dawa za usingizi, kama zolpidemu, zinajulikana kuweza kuleta hali hiyo, na ina hatari yake kwa kuwa mtu hushika visu na moto akiwa amelala. Dawa nyingine, zikiwemo prednisoloni na olanzapini, huongeza hamu ya kula mchana na usiku. Usiziache kwa uamuzi wako, mweleze aliyekuandikia.

Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vinavyoweza kushusha sukari kupita kiasi asiupuuze uchu wa ghafla wa usiku unaoambatana na jasho, kutetemeka au moyo kwenda mbio, wala asijaribu kuungoja upite kwa dakika 15. Apime, na sukari ikiwa chini ya 3.9 mmol/L atumie gramu 15 za sukari ya haraka, yaani inayoingia kwenye damu upesi, kisha apime tena baada ya dakika 15. Kama hana kipimo karibu, ale kwanza. Mjamzito hapaswi kujipangia mlo wa kupunguza uzito bila ushauri wa kliniki, na njaa yake ya usiku ina sababu nyingine kabisa. Anayekula kiasi kikubwa akihisi hawezi kusimama, au anayejitapisha, kutumia dawa za kuharisha au kufunga kwa siku kadhaa baada ya kula, aahirishe habari ya kupunguza uzito na atafute matibabu ya tatizo hilo kwanza.

Ukienda kumwona daktari au mtaalamu wa lishe, nenda na lile daftari la siku 7 pamoja na orodha ya dawa zote unazotumia, na uonyeshe saa unazokula, saa unazoamka usiku, na kama unakumbuka ulichokula.